Rejista Inayofutika Ikisomwa

Skrini ilizimika tena, na kidole cha Barnabé kilikuwa bado juu ya kitufe.

"Umeona?" akafoka Barnabé, mkuu wa chumba. "Umeona bintu Mukasai alituachia?"

Godelieve Ngoy alikuwa ameona mpaka amechoka kuona. Skrini ile ndiyo iliyoonyesha joto la matanuri ya shaba. Ikizimika, watu wa chini, matanurini, hubaki kubahatisha, na shaba iliyoyeyuka haimwonei mtu haya. Asubuhi hiyo walikuwa wamemtoa fundi mmoja ameungua mkono hadi kwenye kiwiko. Godelieve alisimama, akaketi, akasimama tena. Tangu kufukuzwa kwa Wakasai kuanze, hakuna kiti kilichomkalisha.

Programu ya kuendesha skrini iliandikwa na Beya Mulumba, aliyezaliwa hapa hapa Kolwezi, mtaa wa Manika, kwa baba aliyezaliwa hapa hapa vilevile. Mwaka huo, 1993, wakubwa waligundua ghafla kwamba watu kama yeye ni wageni, na kwamba kwao ni Kasai, nchi ambayo Beya aliijua kwa kuiona kwenye ramani ya shule. Alinyang'anywa kazi, nyumba yake ikavamiwa. Sasa alikuwa stesheni na mkewe, katikati ya umati, akingoja treni ambayo kila siku ilisemekana itafika kesho.

"Kagua kazi yake." Barnabé alitupa mezani karatasi zenye programu hiyo iliyochapwa. "Ni sabotage, aliiharibu makusudi. Andika, utie sahihi. Jioni nitaita kwa telefoni bale bavijana ba kamati, benye kufukuza Bakasai. Batamukamata mbele treni ifike."

"Na kama hakuna kitu, chef?" Godelieve alimwuliza mkubwa wake.

"Iko kitu. Skrini inazima bule?"

Godelieve alikuwa mtu wa Kasaji, mji wa mkoa huu huu, si Kasai; hakuna kijana wa kamati ambaye angemgusa, na hilo lilimkera kuliko kama angetishwa. Alizichukua karatasi, akaketi nazo kwenye kona.

Ndani ya mashine ya skrini mna vyumba vidogo vya kumbukumbu viitwavyo rejista, na kila kimoja hushika namba inayoeleza hali ya skrini. Beya alikuwa ameandika sehemu ya kuzisoma zote, moja baada ya nyingine, na kuzimwaga kwenye karatasi, ili skrini ikiugua fundi aone inaumwa wapi. Tangu Beya aondoke, Barnabé alikuwa akibonyeza kitufe cha kumwaga rejista kutwa kucha, akimtafuta mchawi wake.

Godelieve alisoma ukurasa wa kwanza, akarudia, hakushika kitu. Katika chumba kile hakuna aliyewahi kukagua programu peke yake. Mwandishi alisoma kwa sauti mstari kwa mstari, mkaguzi akafuata kwa kidole na kumkatiza kila aliposhuku. Ilikuwa sheria ya Beya mwenyewe, kwa sababu macho, alikuwa akisema, yana haraka ya kumaliza. Sehemu ya rejista Beya aliisoma na Mbelu, mwenzao wa chumbani, na Mbelu alikwisha kufukuzwa pia. Godelieve alitazama viti vilivyobaki vitupu. Alizikunja karatasi, akazificha ndani ya kitenge, akatoka bila kuaga.

Stesheni ilikuwa mji. Watu walikuwa wamelala juu ya magodoro kandokando ya reli, na wengine walikuwa wamekuja na milango ya nyumba zao, wameing'oa ili asiifaidi mwingine. Ndaya, mke wa Beya, alikuwa akichambua maharage. Alipomwona mgeni mikono yake ilisimama.

"Mama Godelieve. Banakutuma?"

"Banataka niandike kama baba Beya aliharibu skrini," alisema, maana kumdanganya Ndaya kulimshinda. "Nimekuya tusome pamoja. Peke yangu siwezi."

Ndaya alisonya. "Batu banakufa hapa na kipindupindu, weye unaleta makaratasi."

Lakini Beya alikwisha nyoosha mkono. Alikuwa amekonda na ndevu zimemjaa, ila alipoanza kusoma sauti yake ilikuwa ile ile ya ofisini, ya taratibu, ya mtu anayetaka kukatizwa. Alisoma namna rejista ya kwanza inavyofunguliwa, namba inavyochukuliwa, inavyochapwa. Rejista ya pili. Ya tatu. Kidole cha Godelieve kilitembea chini ya maneno, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi mwili wake ulitulia.

"Simama," alisema. "Hii rejista ya hali. Hii si njo inafutika ukiisoma?"

Beya aliutazama mstari. Rejista ile ilishika alama moja tu, ya kuiambia programu kwamba picha imekwisha chorwa, leta nyingine. Anayeisoma anaifuta. Sehemu ya kumwaga rejista ikiisoma kwanza, programu hubaki ikingoja alama ambayo haitakuja tena, na skrini inakuwa giza.

"Siye tulikuwa tunasimamisha skrini mbele ya kumwaga," alisema polepole. "Mbelu alijua. Bote balijua. Nani anamwaga na matanuri inawaka?"

"Chef Barnabé. Kila saa. Anakutafuta weye."

Beya alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Basi njo yeye anazima." Alifikicha macho. "Lakini kosa ni langu. Sikuandika popote kama lazima skrini isimame kwanza. Andika vile, mama. Tia jina yangu."

"Nikitia jina yako leo, batakuya kukukamata hapa."

"Na usipoandika, muntu mwingine ataungua leo."

Ndaya alimwaga maharage kwa hasira. "Jina! Banakunyang'anya nyumba, unabakia na jina! Bapatie na ile!" Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Beya alitwaa penseli, akaandika pembeni ya mstari ule amri ya kuiruka rejista ya hali, kwa mwandiko wake unaojulikana na kiwanda kizima. Godelieve alizitia tena karatasi ndani ya kitenge. Akaondoka karibu akikimbia.

Kiwandani aliingiza sahihisho, akawasha, akambonyezea Barnabé kitufe mwenyewe. Namba zikachapwa. Skrini ikabaki na joto la matanuri yote. Akabonyeza tena. Ikabaki.

"Kwa hiyo alikuwa ametega kitu," Barnabé alisema.

"Apana, chef. Skrini ilikuwa inazimwa na mwenye kuiangalia. Beya na benzake balikuwa banaisimamisha kwanza. Siye tumefukuza bote benye kujua."

Uso wa Barnabé ulibadilika. Alielewa, na alichukia kuelewa mbele ya mwanamke huyu. Mkono wake ukaenda kwenye telefoni.

"Yeye iko wapi?"

"Treni yabo imekwisha kwenda," Godelieve alisema.

Uongo ulitoka mwepesi, akaushangaa. Wakati huo huo, kutoka upande wa stesheni, honi ya treni ikalia, ndefu, ya garimoshi linaloingia. Vioo vya dirisha vikatetema. Barnabé alimtazama, mkono juu ya telefoni, na Godelieve hakuweza kuyaondoa macho yake.

"Ile," Barnabé alisema hatimaye, "ni ya madini."

Treni ya madini ilikuwa haijapita Kolwezi kwa miezi. Shaba kidogo iliyobaki ilibebwa na malori, na Barnabé ndiye aliyeyatilia sahihi. Godelieve alimtazama mtu huyu aliyekuwa tayari tangu asubuhi kumkabidhi Beya kwa wauaji, akajiona anamshukuru, na shukrani ile ikamchukiza.

"Ndiyo, chef. Ya madini."

Walikaa. Saa ya ukutani ilikuwa na kelele. Honi ilipolia tena ilikuwa mbali, upande wa Tenke, kwenye njia ya kwenda Kasai. Ndipo Barnabé alipouondoa mkono kwenye telefoni, akazivuta zile karatasi, akazitazama kurasa nyingi ambazo hazijasomwa bado, na kumwuliza Godelieve kama kuna mtu aliyebaki wa kuzisoma pamoja naye.

"Apana," Godelieve alisema. "Hakuna."