Hata Mdudu Mmoja

Mume wangu Harlan hajui kusema uongo, na tabia hiyo imenitesa tangu aliponioa. Aliwahi kumwambia mchungaji pale mlangoni mwa kanisa, wameshikana mikono, kwamba mahubiri yalikuwa marefu na katikati hapakuwa na kitu. Dada yangu alipomuuliza kama gauni lake la harusi limemkaa, alimjibu kuwa linambana. Ndiyo maana aliposimama mbele ya majirani akaapa kwamba atauza nyumba yetu ya jangwani, wenzangu walicheka, mimi sikucheka. Nilijua atauza.

Kisa chenyewe ni wadudu. Sisi ni wakulima wa ngano wa Dakota Kaskazini, tumestaafu. Theluji ikikaribia tunashuka jangwani Arizona, tunakaa hadi Aprili, na jua la huko likianza kuchoma tunafunga nyumba na kurudi kwetu. Kiangazi chote nyumba haina mtu. Haina mtu, lakini wakazi haikosi. Mwaka juzi tuliporudi tulikuta mende wametapakaa kwenye beseni la kuogea, wamestarehe, na kabla sijamaliza kupiga yowe Harlan akatia mguu kwenye ndara zake alizoziacha chini ya kitanda. Nge alikuwa amelala humo. Harlan alichechemea hadi Krismasi, na kila akichechemea alinitazama mimi, utadhani huyo nge ni ndugu yangu wa kuzaliwa.

Sasa, desturi ya mtaa wetu ni kwamba kabla ya kuondoka kila mtu anamaliza vilivyomo kwenye friji, tunavipeleka kwenye ukumbi wa mtaa na kula pamoja, hata kama ni mchanganyiko wa kutisha. Hapo ndipo Harlan alipoinuka na kijiko chake mkononi.

"Mwaka huu nafunga nyumba mwenyewe," alisema, akaninyoshea kijiko. "Mama hagusi kitu. Na nikirudi nikamkuta humo hata mdudu mmoja aliye hai, nauza. Nimemaliza."

"Usitutie tamaa bure, jirani," akadakia Wendell Prokop. "Kaka yangu ameshapima madirisha, anataka kununua mapazia."

Wendell ndiye jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu wa Nebraska, mgane, ambaye haondoki hata jua liwake vipi. Kaka yake anaitamani nyumba yetu, na Wendell hafichi. Watu waliangua kicheko. Harlan hakucheka. Akaketi, akaendelea kula makaroni.

Niseme wazi kwa nini roho iliniruka. Nina baridi yabisi ya vidole. Huko kwetu, baridi ikishika, mikono yangu inajikunja, haifunguki mpaka masika. Siwezi kumenya kiazi. Siwezi kufunga kifungo; Harlan ndiye anayenifunga vifungo kila asubuhi, na vidole vyake vinene vile, huwa tunagombana kabla hata ya chai. Lakini nikishuka jangwani, hewa ile kavu inanifungua. Nasuka sweta, nakanda unga, napangusa madirisha yangu. Naipenda ile nyumba kuliko nilivyowahi kupenda nyumba yoyote, na mzee huyu alikuwa ameiweka rehani kwa mende.

Basi, kazi ya kufunga ikaanza. Mungu nipe subira.

Alifunika choo kwa plastiki ya kuhifadhia chakula na kuzungushia tepu. Akamimina mafuta ya kupikia kwenye kila tundu la sinki, ili maji yaliyomo kwenye kona ya bomba yasikauke, maana yakikauka mende wanapanda kutoka mtaroni kama ngazini. Hilo kila mtu mtaani analifanya, sikulipinga. Lakini yeye alitumia mafuta yangu mazuri ya zeituni, na yale ya bei rahisi yalikuwa pale pale mbele ya pua yake. Akaziba nyufa kwa gundi ya silikoni, matundu ya ukutani akayajaza waya wa kusugulia sufuria, akanyunyiza ule unga mweupe wa kuulia wadudu kila kona mpaka jikoni kukafanana na kinu cha kusagia unga. Madirisha akayabandika ile karatasi ya rangi ya fedha ya kufungia chakula, giza likatanda saa nne asubuhi. Tukawa tunapapasa humo ndani, tunagongana.

"Harlan, nimekanyaga nini?"

"Mguu wangu."

"Basi sema mapema!"

Kisha akaanza kuingiza vitu vya nje. Hapo ndipo tulipokosana hasa. Mwezi Julai jangwani huja tufani, upepo wake ukishika kiti unakipeleka wilaya nyingine. Mwavuli wa Wendell uliwahi kupatikana juu ya kanisa la Wakatoliki. Kwa hiyo watu wengi huingiza vitu vya barazani. Harlan akaja amebeba viti, akaja na vyungu vya maua, akaja na lile zulia la barazani amelikunja na kulitia begani.

"Vikung'ute kwanza," nikamwambia.

"Sina muda. Nataka tufike mjini Flagstaff kabla ya giza."

"Hivyo vitu vimelala nje msimu mzima. Hujui kilichomo."

"Kilichomo ni vumbi."

"Unaziba mlango, halafu unawabeba begani unawaingiza ndani! Kikulacho ki nguoni mwako, Harlan."

"Nguo zangu umezifua jana," akajibu, akalitua zulia katikati ya sebule.

Ungemjibu nini mtu wa namna hiyo? Nilitoka nje nikakaa garini. Nikamwona anafunga mlango wa mbele, anaubandika tepu ile pana ya rangi ya fedha juu, chini, kushoto, kulia, anailainisha kwa kidole gumba taratibu kama anampaka mtoto mafuta. Wendell alikuwa ameegemea ukuta na kikombe chake cha kahawa, anatazama bure kabisa.

"Kazi safi," akasema Wendell. "Dawa zako za presha umechukua?"

Harlan alipapasa mfuko wa shati. Kisha akaanza kubandua.

Alipomaliza kuuziba mara ya pili nikamuuliza, kwa upole kabisa, miwani yake ya kuendeshea iko wapi. Sitasema alichojibu. Yeye ni mzee wa kanisa.

Kiangazi chote huko kaskazini hakutuacha tupumue. Tukiwa mezani: "Pale tepu ilikamata vizuri." Tukiwa kwenye mazishi ya jirani: "Kama silikoni haikupasuka, hakuna kinachoingia." Oktoba ikaja na baridi yake ya mapema, vidole vyangu vikaanza kujikunja, naye akaanza tena kunifunga vifungo, na tukaanza tena kugombana. Asubuhi moja aliguna tu, akaviangalia vile vidole vyangu kwa muda, halafu akasema, "Tukiuza, tutanunua hita kubwa." Nikamwambia hita aiweke anakojua yeye.

Tulishuka jangwani kwa gari mwanzoni mwa Novemba. Kadiri tulivyoteremka ndivyo mikono yangu ilivyolegea, na mahali fulani tulipojaza mafuta niliifungua chupa ya kahawa mwenyewe. Nilimwonyesha kifuniko. Alikitazama, kisha akaingia garini.

Tulipofika mtaani Wendell alikuwa ameshatoa kiti chake nje. Nyuma ya sikio amechomeka kalamu, mkononi ana taa ile ya zambarau ambayo ukimmulika nayo nge, nge huyo hung'aa kijani.

"Karibuni nyumbani," alisema. "Au karibuni kwa kaka yangu. Tutajua sasa hivi."

"Huna kazi?" nikamuuliza.

"Hii ndiyo kazi."

Tepu ilikuwa mahali pake, lakini jua la miezi yote ile lilikuwa limeichoma ikagandana na mlango kama ngozi. Harlan alijaribu kuibandua kwa vidole vyake vinene, wapi. Nikamsukuma kando. Nikapenyeza kucha, nikavuta, nikapenyeza tena, vidole vyangu kumi vyote vikifanya kazi, nikaibandua kipande kwa kipande kutoka juu hadi kizingitini. Sikufanya haraka. Wendell alipiga miayo. Harlan alisimama nyuma yangu, na nilipogeuka nilimkuta hatazami mlango. Anatazama mikono yangu.

"Unatazama nini? Ingia," nikamwambia.

Ndani kulikuwa giza na harufu ya hewa iliyolala. Harlan akaichukua taa kwa Wendell, akaanza na bafu. Beseni jeupe, tupu. Plastiki ya choo imekaza kama ngoma. Akaanza kutembea kifua mbele, na mimi nikaenda jikoni, nikawasha taa.

Mende alikuwa kwenye sinki. Mmoja, mkubwa, mzima wa afya, anapunga masharubu yake kando ya chungu cha maua ambacho Harlan mwenyewe alikiweka humo. Nilitazamana naye. Sikufikiri hata kidogo. Nilichukua kikombe kabatini, nikamfunika, na nikaweka kiganja changu juu ya kikombe.

"Huko jikoni vipi?" Wendell akauliza kutoka sebuleni.

"Safi," nikasema. Nilijishangaa.

Kutoka pale jikoni niliona sebule yote. Wendell alikuwa mlangoni, ameupa mgongo ukuta, anafuta miwani yake kwa shati. Harlan alifika kwenye lile zulia, akalisukuma kwa mguu, likajikunjua nusu, akalimulika. Hapo nikaiona ile rangi ya kijani. Nge alikuwa pale sakafuni, amekonda kwa njaa ya miezi, lakini mkia umesimama. Akasogea hatua, akasimama. Hai.

Nikasema moyoni, kwaheri. Namjua mume wangu. Mtu aliyemwambia bibi harusi kwamba gauni linambana hatashindwa kumwambia Wendell kwamba nge ni nge. Nilianza kuuwazia ule msimu wa baridi utakaokuja, na vifungo, na hita.

Harlan aliinua kichwa akanitazama kule jikoni. Hakutazama uso wangu, alitazama chini kidogo, pale mkono wangu ulipokuwa umefunguka juu ya kikombe. Kisha akaizima ile taa ya zambarau. Akainua buti lake la shambani, akalishusha polepole juu ya nge, akaliegemezea uzito wake wote.

"Vipi, jirani?" Wendell akauliza, anavaa miwani. "Tumwandikie kaka?"

Harlan alikohoa. Shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka masikioni.

"Hakuna kitu," alisema.

"Hakuna kabisa?"

"Nimesema hakuna. Nyumba safi."

Wendell alimkazia macho. Lakini nani atamtilia shaka Harlan Skarsgaard, aliyemrekebisha mchungaji? Akachomoa kalamu sikioni, akaitia mfukoni.

"Basi hiyo tepu yako nami nitainunua," alisema kwa masikitiko, akaondoka na kiti chake.

Tulibaki wawili. Harlan hakusogea. Alikuwa amesimama katikati ya sebule kwa mguu mmoja uliokaza, kama mtu anayepigwa picha.

"Njoo ubandue haya makaratasi dirishani," nikamwambia.

"Nakuja."

"Basi sogea hapo nifagie."

"Acha!" alisema haraka. Kisha taratibu: "Acha, mama. Nitafagia mimi."

Tangu tuoane mzee huyu hajawahi kushika ufagio akafagia. Alipoushika mwaka mmoja ilikuwa ni kumfukuza popo. Hasira yangu yote ya kiangazi ilikuwa ingali hapa kooni: mafuta yangu ya zeituni, unga mweupe kwenye vikombe vyangu, zulia ambalo nilimwambia alikung'ute, nilimwambia kwa maneno yanayosikika. Nilikuwa nimeyapanga yote, nimeyakariri njia nzima kutoka Dakota. Nikamtazama alivyosimama pale na shingo yake nyekundu, kapoteza sifa yake ya maisha chini ya buti moja, na kooni hapakutoka hata neno moja.

Nikachukua ufagio nyuma ya mlango, nikampelekea pale pale aliposimama. Nikamfunga pia kifungo cha shati kilichokuwa kimefunguka, maana yeye mikono yake ilikuwa inatetemeka na yangu haikuwa.

"Ukimaliza hapo," nikamwambia, "uje na jikoni. Kuna kikombe kimepinduliwa kwenye sinki."

Harlan alinitazama.

"Na usivue buti," nikasema.