Mkojo Mchafu

"Mkojo wako mchafu," muuguzi alisema bila kuinua macho kwenye karatasi ya majibu, na benchi zima likasikia. Kwake yalikuwa maneno ya kazi tu, huyasema mara ishirini kwa siku. Lakini mama mkwe wa mgonjwa alikuwa amekaa pembeni, na masikio yake hayakuwa ya kliniki.

Mgonjwa mwenyewe, fundi cherehani mjamzito wa miezi saba, alipewa vidonge vya wiki nzima: kimoja asubuhi, kimoja jioni, viishe vyote hata maumivu yakitulia. Walipofika nyumbani ndipo mama mkwe alipouliza, huku akivua viatu: mwanawe yuko safarini mwezi wa tatu sasa, uchafu huo umetoka wapi?

Ulimi hauna mfupa, ila siku ile ulimvunja mtu. Tangu hapo kila kidonge kikawa ushahidi. Fundi alivificha kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo, akawa anameza pale tu bikizee anapotoka, na bikizee hakuwa mtu wa kutoka. Siku ya nne mkojo haukumchoma tena. Akamshukuru Mungu, akaifunga droo.

Wiki ya pili homa ilimpanda, mgongo ukamkata upande mmoja, tumbo likaanza kukaza kabla ya wakati wake. Wodini wakamtundikia dripu. Muuguzi yule yule akamuuliza vidonge vingapi vilibaki.

"Tisa."

Mama mkwe akauliza kwa sauti ya chini ugonjwa huo huletwa na nani. Muuguzi akamjibu kuwa hauletwi na mtu: ni vijidudu vya mwili wake mwenyewe, mimba hubana njia, mkojo hukawia, navyo hupanda hadi kwenye figo. Mjamzito yeyote anaweza kuupata.

Bikizee akakaa kitandani, jambo lisiloruhusiwa.

"Mtoto wangu aliyemtangulia mumeo alikuwa wa kike, hakuishi," alisema. "Na mimi waliniambia mchafu, mwanangu. Vidonge nikavitupa chooni, mama mkwe wangu asije akaviona."

Fundi alitaka kumchukia, na haki alikuwa nayo. Lakini tumbo likakaza tena, akaukamata mkono uliokuwa karibu. Muuguzi akaja na kile kifaa cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakiweka tumboni, akainamisha sikio. Akasikiliza, asiusikie bado. Akakihamishia upande wa pili, akawaashiria kwa kidole wanyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa akisema.