Harusi ya Ng'ambo ya Reli

Treni ya abiria ilisimama kwa adabu zake zote kupisha treni ya mizigo. Ilijibanza kwenye reli ya pembeni, nje kidogo ya mji wa Velden, Dakota Kaskazini, na spika ikatangaza kwamba uvumilivu wa abiria unathaminiwa sana. Lazima uthaminiwe, maana hawakuwa na kingine cha kutoa.

Duane Tollefson aligandamiza uso dirishani. Kanisa alikokuwa akiolewa binti yake lilikuwa pale pale, ng'ambo ya reli kuu, karibu kiasi cha kumwona mtu akimtengenezea bintiye shela mlangoni.

"Nifungulie mlango, dada," alimwambia kondakta, mama aitwaye Renita. "Nitatembea."

"Mlango unafunguliwa stesheni, mzee wangu. Ukigongwa nitajibu nini?"

"Nigongwe na nini? Hapa kuna kinachotembea?"

"Inakuja ya mizigo, ndefu hiyo! Haienei huku pembeni, ndiyo maana tumeingia sisi."

Duane alinywea. Kabla ya kustaafu alikuwa meneja wa kampuni ya mizigo, na ni yeye aliyeshauri treni ziunganishwe ziwe ndefu kuliko reli za kupishania, ili wa kupisha awe abiria siku zote. Alipandishwa cheo kwa busara hiyo. Siku ya kuagwa aliwavunja watu mbavu aliposema abiria ni mzigo unaolalamika.

Simu ikaita. Alikuwa Kirsten, bibi harusi mwenyewe.

"Baba, tunaiona treni yenu. Mbona hushuki?"

"Tunapisha, mwanangu. Nisubirini kidogo."

"Mchungaji ana mazishi baada ya hapa, na marehemu ameshafika."

"Basi endeleeni. Usikate simu, nisikilize."

Mchungaji akakohoa, akaanza, "Kirsten, je, unakubali..." na hapo mizigo ikafika. Matangi ya mafuta, ngano, makontena, behewa baada ya behewa, hadi kanisa likapotea machoni na simu ikabaki ngurumo tupu. Duane aliitambua kazi ya mikono yake. Alilia waziwazi, wala hakumjali jirani yake aliyekuwa akitafuna sandwichi.

Behewa la mwisho lilipopita, watu walikuwa wameshatoka nje wanapiga makofi.

"Umesikia, baba?"

"Kila neno, mwanangu."

"Muongo wewe! Sisi wenyewe hatukusikia. Imebidi niitikie kwa kichwa."