Neno la Mwisho la Mama

Kama kuna mtu aliyejua kuwafariji waliofiwa, ni Mzee Kitasa. Jina alilopewa na wazazi lilikwishamezwa na kazi. Kwa jinsi alivyozoea kuchonga funguo na kufungua milango iliyogoma, hata mkewe, Mungu amrehemu, alimwita Kitasa. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chembamba. Ukutani funguo ambazo hazijachongwa zilining'inia kwa safu, mezani palikaa mashine, na unga wa shaba ulitapakaa sakafuni mpaka ukaingia kwenye soksi. Humo alifanya kazi na bintiye wa pekee, na humo alimuudhi kila wiki bila kujua.

Maudhi yenyewe yalikuwa hadithi. Akija mteja mwenye msiba, mzee huzima mashine, humsogezea stuli, kisha huanza: "Mke wangu alinifia mikononi. Nilimshika kwa mkono huu huu. Akanitazama, akasema, 'Mtunze mtoto.' Akashusha pumzi moja, basi." Mteja hulia, mzee hulia, na binti huinamia droo kutafuta kitu ambacho wala hakijapotea.

Maana mzee hakuwapo. Mchana ule mama alipokata roho hospitalini, aliyemshika mkono ni binti, peke yake, dirisha likiwa wazi na pazia likipepea. Mzee alikuwa upande wa pili wa mji anamfungulia mtu mlango. Alirudi na sanduku la vifaa begani, akakuta shuka limeshafunika uso. Neno mama alilisema, kweli. Lakini alimwambia binti, na halikuwa hilo.

Sasa usikimbilie kumwita mzee wa watu mwongo. Mwanzoni alisimulia mambo yalivyokuwa: "Nilichelewa." Baadaye ikawa, "Nilimkuta bado ana joto." Akatia chumvi kidogo, na kidogo tena, si kwa hila bali kwa uchungu, mpaka siku moja akajikuta yuko pale kando ya kitanda, na tangu hapo hakutoka. Ndivyo tulivyo. Watu hudhani kukumbuka ni kwenda kabatini na kutoa sahani ileile uliyoiweka. Wapi! Kukumbuka ni kupika upya kila mara, na mkono wa mpishi haukosi kuonekana.

Binti yeye alishika njia nyingine. Neno la mama hakumpa mtu. Hakumwambia baba, hakumwambia rafiki, hakumwambia hata mchumba ambaye mwishowe alichoshwa na ukimya wake akaenda zake. Aliona jinsi la baba lilivyochakaa kwa kusemwa, akaapa la kwake halitatoka mdomoni. Na kwa kuwa kila alipolikaribia liliuma, hata yeye mwenyewe hakulichungulia. Alitosheka kujua kwamba lipo.

Asubuhi moja akaingia mwalimu, mwanamume wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Akaweka ufunguo mezani.

"Mlinichongea juzi. Unaingia, lakini hauzunguki."

Mzee akauinua kwenye mwanga, akamgeukia binti. "Uliufuatisha upi?"

"Huo aliokuja nao."

"Na huo nao ulikuwa wa kuchongwa. Hukuutazama?" Binti akauma mdomo; lilikuwa kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Mzee akamwambia mwalimu kwa upole, "Hii ni nakala ya nakala, ndugu yangu. Mashine kila ikipita hupotoka kidogo. Jicho halioni, kitasa ndicho kinachoona. Ule ufunguo wenyewe, uliokuja na mlango, uko wapi?"

"Alikuwa nao mke wangu." Mwalimu akatazama sakafu. "Tumemzika wiki iliyopita. Sijui aliuweka wapi."

Mashine ikazimwa. Stuli ikasogezwa. Binti akainamia droo yake, akisubiri maneno yaleyale, na yakaja yaleyale, ila leo mzee aliongeza jipya.

"Huyu binti yangu nilimtoa nje," alisema. "Alikuwa anatetemeka, masikini. Nikamwambia, kaa ukumbini, mwanangu, mimi nitabaki na mama yako."

Kumwazima baba kiti chake kando ya kitanda, binti alikwishazoea. Kufukuzwa chumbani, hapana. Alinyamaza kwa ajili ya mwalimu tu, akamwandalia kitasa kipya chenye ufunguo wake, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kisha akarudi.

"Baba, hukuwapo."

"Wapi tena?"

"Kwa mama. Mimi ndiye niliyekuwapo. Hukunitoa nje, hukumshika mkono, hukusikia kitu. Ulikwenda kumfungulia yule mwenye bucha aliyejifungia nje."

Mzee akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemngoja mwenzake amalize utani. Binti hakucheka. Basi kicheko kikamfia mdomoni, macho yakatulia ukutani, na mkono wake wa kulia ukapanda polepole mpaka begani, pale ulipokaa mkanda wa sanduku siku ile.

"Ngazi," alisema. "Nilipanda ngazi mbilimbili. Vifaa vilikuwa vinagongana, nesi akaniambia nisipige kelele." Akakaa kwenye stuli ya waliofiwa. "Ee Mungu wangu. Nilichelewa."

Hapo binti angetoa chochote ayarudishe maneno yake, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Alikuwa ametaka haki yake, akaipata, na mbele yake baba alikuwa anafiwa na mke kwa mara ya pili. Akapiga magoti, akamshika.

Mzee alilia mpaka akachoka. Akajipangusa kwa kitambaa cha mashine, uso ukabaki na grisi.

"Basi niambie wewe uliyekuwapo. Alisema nini?"

Swali hilo binti alikuwa amelisubiri kwa miaka, na leo alikuwa tayari. Alifumba macho. Dirisha akaliona. Pazia akaliona. Mkono wa mama, mwepesi na mkavu, akausikia kwenye kiganja chake. Midomo ya mama ikafunguka, ikasema, "Mtunze mtoto."

Kwa sauti ya baba, na kituo chake kilekile anachokiweka katikati ya maneno hayo.

Akaanza upya kuanzia mlangoni. Midomo ikafunguka, ikasema vilevile. Akatafuta chini yake, nyuma yake. Alijua lilikuwa fupi, alijua halikuwa hilo, na zaidi ya hapo palikuwa patupu.

"Nimelisahau, baba," alisema, na sauti yake ilimtisha. "Nililiweka vizuri. Nililiweka kabisa."

"Alinitaja?"

"Sijui."

"Aliuliza kama nimerudi?"

"Baba, sijui. Sijui!"

Mzee Kitasa akasimama, akageuza kibao cha mlangoni upande wa kufungwa, akarudi, akakaa sakafuni kando yake.

"Jaribu tena, mwanangu," alisema. "Taratibu. Leo siendi popote."

Binti akafumba macho tena.