Kikohozi Kimoja

Jumamosi ile dada yangu Kerttu aliwasha sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke, kwa mara ya kwanza tangu tulipougua korona mimi na mume wangu Veikko, nikarudi peke yangu kutoka hospitali.

"Panda juu bwana, acha kukaa mlangoni kama mgeni!" akasema. "Umeshaugua, umeshapona. Wewe sasa ni chuma, mdogo wangu. Wa kuogopa ni mimi ambaye haijanipata."

Nililichukia neno hilo. Veikko naye walimwita chuma. Hata hivyo nikapanda benchi la juu, nikakaa pale alipozoea kukaa yeye.

Kerttu akayamwagia maji mawe ya moto yaliyo juu ya jiko. Mvuke ukanipanda puani, nikakohoa, mara moja tu.

Kugeuka, dada yangu ameshashuka, taulo mkononi.

"Nimesahau kahawa jikoni," akasema.

"Kimbia tu, dada! Kahawa si tumeshakunywa?" nikamfokea, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa.

Nilitaka kumlaani. Nikajikuta nimeweka mkono kifuani, pumzi nimeibana, nasikiliza kama kikohozi cha pili kinakuja.