Mfarishi Uliopanda Mwendokasi

"Dar es Salaam nzima," alisema Isidori, akiwa amesimama juu ya stuli mbele ya duka la vitenge la baba yake mdogo, "hakuna kitambaa kisichonisikia. Kiwe kitenge, kiwe khanga, kiwe kaniki. Nikikiambia lala, kinalala."

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, Mchafukoge, na mtu aliyekuwa akiambiwa maneno hayo alikuwa amekuja kuuliza choo kiko wapi. Isidori hakujali. Mdomo wake ulikuwa kama bomba la maji la mtaani: ulifunguka wenyewe, na mara nyingi ulitoa hewa tu.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, cheti cha kidato cha nne kilichohifadhiwa kwenye nailoni, na watazamaji elfu arobaini kwenye simu. Hao elfu arobaini aliwaita wanafunzi wake. Kila Ijumaa aliwawekea video fupi ya kuwafundisha wanaoanza kushona vitanzi kwenye mfarishi. Mfarishi, kwa asiyeujua, ni lile shuka nene la matabaka matatu: juu viraka, katikati pamba, chini kitambaa kizima. Vitanzi ni ule uzi unaoyashikanisha yote, unaozungukazunguka bila kukatika, kama mtoto anayejifunza kuandika herufi e kwa mwandiko wa kuunganisha na mwalimu amemkataza kunyanyua kalamu.

Video zilionyesha mikono tu, na juu yake sauti. Sauti ilikuwa ya Isidori. Mikono ilikuwa na hina mpaka kwenye kucha. Kati ya watazamaji elfu arobaini aliyeuliza kuhusu hina alikuwa mmoja, na Isidori alimjibu kwamba ni taa.

Mikono ilikuwa ya Bi Badria, fundi wa kibarazani. Kule Mchafukoge kila duka la vitambaa lina fundi wake nje: mteja ananunua ndani, anashonewa mlangoni. Fundi halipii kibaraza, ila kazi ya duka hawezi kuikataa. Bi Badria alikuwa amekaa pale miaka kumi na tisa na cherehani yake nyeusi, na wapita njia walimwona kama wanavyoiona nguzo, yaani walimkwepa bila kumtazama. Mifarishi aliitengeneza kwa vipande vya vitenge vilivyokuwa vinatupwa, na Isidori aliiuza dukani kama kazi yake.

Maneno ya video yalikuwa yake pia. Isidori alichutama pembeni yake akauliza, yeye akajibu huku anashona, kisha Isidori akaenda nyuma ya marobota kurekodi sauti.

"Kwanza shusha meno ya cherehani," alisema Bi Badria. "Yale meno ndiyo yanayovuta kitambaa mbele. Ukishayashusha, mashine haiongozi tena. Kitambaa kinaenda kinakopelekwa na mkono."

"Halafu?"

"Halafu mguu usikimbie mkono ukiwa umelala, wala mkono usikimbie mguu ukiwa umelala. Na usiitazame sindano. Sindano inajua inapotoboa. Wewe tazama unakoenda. Ukikosea, zungusha kitanzi kingine. Kitanzi hakina kosa."

"Halafu?"

"Halafu kaniletee chai."

Chai aliileta siku nyingine. Siku nyingine alisahau. "Kitanzi hakina kosa" ilichapishwa kwenye fulana na kikundi cha akina mama wa Mbezi, na chini yake jina la Isidori.

Mfarishi wa kwanza kurudi ulikuwa wa Pantaleo, mkazi wa Kimara. Aliununua Jumamosi, na Jumanne asubuhi ulikuwa kibarazani, umejikunja vizuri pembeni ya kiti cha Bi Badria. Ulikuja kwa mwendokasi. Waliokuwa kwenye basi lile walisema ulisimama njia nzima, ukashuka Gerezani, haukumkanyaga mtu, na kwa ustaarabu uliwazidi abiria wengi. Wa pili ulitoka Kigamboni, ukavuka na pantoni pale Magogoni, ukafika na chumvi kwenye pindo. Bi Badria aliuanika.

Wenye mifarishi walipokuja kulalamika, hawakulalamika kwamba imetembea. Walilalamika kwamba imeondoka bila kuaga.

"Nimeamka na baridi, Isidori," alisema Pantaleo. "Kimara kuna baridi, nyie wa huku chini hamjui."

"Kaka Pantaleo, hiyo ni kazi ya mkono huru. Meno yameshushwa. Sasa kitu kimeshonwa kwa uhuru, we unataka kikae ndani kama mahabusu?"

"Sawa. Ila mbona haukuja kwako? Umeenda kwa huyu mama."

"Si anakaa njiani?"

Pantaleo alitazama, akaona ni kweli Bi Badria anakaa njiani. Akaukunja mfarishi wake akaondoka nao. Alhamisi ulirudi. Baada ya hapo wateja walizoea. Mwenye mfarishi aliufunga kwa kamba kwenye mguu wa kitanda, kama mbuzi wa sikukuu, na maisha yakaendelea.

Mwezi uliofuata, chuo kidogo cha ushonaji kilichokuwa ghorofani huko Gerezani, juu ya gereji, kilitangaza kwamba kinatafuta mwalimu wa vitanzi. Kulikuwa na chumba, cherehani kumi, madirisha mawili, na mlango wenye kibao cha jina la mwalimu. Mwalimu mmoja tu. Bi Badria alilisikia tangazo kwenye redio ya jirani. Kwa siku tatu alishona vitanzi vidogo kuliko kawaida yake, vidogo kama mbegu za ufuta. Siku ya nne akamwita Isidori.

"Shikamoo, Bi Badria."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nataka uniandikie barua. Mimi nimesoma madrasa tu, barua za ofisi sizijui. Nataka kile chumba."

"Chumba kipi tena?"

"Cha Gerezani. Miaka kumi na tisa nasogea, Isidori. Jua likija nasogea, mvua ikija nasogea, bodaboda ikipanda kibarazani nasogea mimi, haisogei yenyewe. Nataka kukaa penye mlango. Nikishakaa, nimekaa. Na haya macho yamebakiza miaka michache, bora niwape watu nilichonacho kabla hayajafunga duka."

Isidori alichukua kalamu. Tusimwonee, kuandika aliweza. Bi Badria alisema, yeye akaandika: miaka kumi na tisa kibarazani, mifarishi zaidi ya mia tatu, meno, mguu, mkono, macho yanayotazama mbele ya sindano. Ilikuwa barua nzuri, na yote ilikuwa ya kweli, kasoro jina. Alipofika chini, pale pa jina, mkono ulifanya ulichozoea kufanya kila Ijumaa. Hakukusudia, alijiambia. Kisha akaambatisha na cheti chake cha kidato cha nne. Hilo nalo hakulikusudia.

Mkuu wa chuo, Mama Matilda, alikuja Jumatano saa nne asubuhi na jalada kwapani.

"Isidori ndiye nani?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nimesoma barua yako, machozi yamenitoka. Miaka kumi na tisa kibarazani!"

"Ndiyo, mama. Tumshukuru Mungu."

"Ina maana ulianza ukiwa na miaka saba?"

"Nilikuwa na kipaji."

Cherehani ya nje ilinyamaza. Bi Badria alikuwa ameondoa mguu. Alimtazama Isidori kama fundi anavyoutazama uzi uliokatika, bila hasira, akitafuta tu ncha iko wapi.

"Ile barua yangu?" aliuliza.

"Tutaongea, mama," alisema Isidori. "Kuna mgeni."

Mama Matilda aliomba kuona kazi. Isidori alishusha mfarishi mmoja rafuni, akautandaza mezani, akapitisha kiganja juu ya vitanzi kama mtu anayempapasa ng'ombe wake mnadani.

"Huu nimeumaliza juzi," alisema.

Mfarishi uliinuka. Ulijikung'uta nyuzi, ukashuka mezani pembe moja baada ya nyingine kama mzee anayeshuka ngazi, ukapita kando ya viatu vya Mama Matilda, ukatoka nje na kwenda kulala mapajani kwa Bi Badria. Mingine mitatu iliyokuwa rafuni ikateremka kuufuata. Mmoja ulisimama mlangoni kidogo kumpisha mteja aliyekuwa anaingia.

"Lala!" Isidori aliuamrisha wa mwisho. "Nimesema lala!"

Wa mwisho uliongeza mwendo.

Mama Matilda alisubiri yote ipite, kisha akafungua kalamu yake.

"Inamfuata huyu mama."

"Imemzoea tu. Ndiye anayeikung'uta vumbi."

"Isidori, mimi nina miaka hamsini na nane. Mfarishi wa mkono huru unamfuata aliyeushona. Mtoto wa chekechea anajua."

Bi Badria aliinua kichwa. Mfarishi uliokuwa mapajani kwake nao uliinua pembe.

"Lakini hii fomu," Mama Matilda aliendelea, "ina sehemu ya jina na sehemu ya cheti. Sehemu ya mfarishi kumfuata mtu haina. Dada yangu, una cheti chochote?"

"Nina hivi," alisema Bi Badria, akanyoosha mikono yake.

Mama Matilda aliitazama ile mikono kwa heshima zote, na kwa muda mrefu kuliko watazamaji elfu arobaini walivyowahi kuitazama. Kisha akaitazama fomu.

"Haiambatiki," alisema.

Alikuwa mtu wa haki, kwa hiyo hakuondoka hivihivi. Alimwandika Isidori kuwa mwalimu, na chini yake akaongeza kwa kalamu nafasi ya mtunza vifaa, ili mifarishi ya kufundishia isiwe inatoroka kila siku.

"Ni ndani?" aliuliza Bi Badria. "Penye mlango?"

"Ni ndani, penye mlango."

"Na kibao?"

"Kibao ni cha mwalimu."

Bi Badria alifikiri. Kibarazani bodaboda ilikuwa inapanda. Akasogea, akasema atakuja.

Darasa lilianza Jumatatu na wanafunzi kumi. Mlangoni palikuwa pameandikwa MWALIMU ISIDORI kwa rangi ya bluu. Bi Badria alipewa benchi la nyuma, karibu kabisa na mlango, na mifarishi minne ilikuwa imelala miguuni kwake. Kila mwanafunzi aliyeingia alimwamkia vizuri, kisha akamwambia samahani mama, nipishe kidogo.

Wanafunzi walikaa kwenye cherehani zao wakasubiri kuonyeshwa meno yanashushwaje. Isidori aliizunguka cherehani ya mbele mara mbili. Aliinama akachungulia chini yake. Akainuka na kutangaza kwamba somo la kwanza litakuwa historia.

"Andikeni," alisema. "Kazi hii sikujifunza kwenye simu. Nimeirithi. Bibi yangu mzaa baba, kule Kibosho, alikuwa na cherehani aliyoiweka migombani. Watu walikuwa wanatoka Moshi mjini kwa miguu kuja kumtazama. Siku moja, nikiwa mdogo hivi, alinishika mkono huu hapa, akaniambia: Isidori, mjukuu wangu..."

Kalamu zilikuwa zinakimbia. Hata yeye alianza kumwona yule bibi, na ile cherehani, na umande juu yake.

"We Isidori."

Sauti ilitoka mstari wa tatu, kwa mama mmoja mnene aliyejifunga kitenge kichwani, ambaye alikuwa amechelewa na kuingia wakati mwalimu anachungulia chini ya cherehani.

Isidori alimtazama, akashusha mkono aliokuwa anauonyesha.

"Shangazi Jovitha. Shikamoo. Sikukuona. Umekuja lini mjini?"

"Marahaba. Nimekuja kumlea mjukuu, ndo nikaona nisikae bure. Sasa nisikilize. Bibi yako mzaa baba ni mama yangu mimi, amenizaa mimi. Kitu pekee mama alichowahi kushona hapa duniani ni gunia la kahawa, na lilimwagikia njiani."

Darasa lilicheka, likacheka vizuri, mpaka mafundi wa gereji chini wakauliza kuna nini. Kicheko kilipoisha, wanafunzi wote waligeuka nyuma. Bi Badria alikuwa anatunga uzi kwenye sindano za darasa, akizisogeza karibu kabisa na jicho. Mfarishi mmoja ulikuwa umempanda begani. Mwingine ulikuwa umemfunika miguu kwa sababu ya upepo wa mlangoni. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Bi Badria naye aliacha uzi, akaweka mikono magotini, akawatazama mmoja mmoja, akisubiri.

Shangazi Jovitha ndiye aliyekuwa wa kwanza kugeuka mbele.

"Na cheti tukimaliza," aliuliza, "anasaini nani?"

"Mimi, shangazi," alisema Isidori.

Shangazi Jovitha alikaa vizuri. Akavuta daftari, akailamba ncha ya kidole, akafungua ukurasa mpya.

"Haya, mwalimu. Alikushika mkono, akakwambiaje?"