Roshani ya Kanisa Jipya

Boriti ililia mara ya pili, na safari hii Fintan Delahunt hakuweza kujidanganya kwamba ni kinanda.

Alikuwa amesimama chini ya roshani ya kanisa alilolisanifu mwenyewe, la kwanza tangu ashuke melini Baltimore akitokea Cork. Juu yake watu walikuwa wanabanana kwenye mabenchi, viatu vikigonga mbao. Ibada ya ufunguzi ilikuwa karibu kuanza. Katikati ya boriti ulikuwa umefunguka ufa mwembamba, pale pale palipokuwa na nguzo kabla wazee wa kanisa hawajalalamika kwamba inawaziba wasimwone mhubiri. Alikuwa amekataa kuiondoa, kisha akakubali. Alihitaji kazi nyingine baada ya hii.

Alimwendea mwenyekiti wa ujenzi, Bwana Pruitt, akamnong'oneza kwamba watu washushwe kutoka roshani.

"Leo?" Pruitt alitabasamu kwa ajili ya macho ya watu. "Thubutu kufungua mdomo, Delahunt. Hata banda la kuku hutajenga tena mji huu."

Fintan alipanda ngazi za roshani. Akipiga kelele watakimbia wote kwa pamoja, na boriti haitavumilia.

"Ndugu zangu, naomba mshuke. Taratibu, benchi moja moja, tuanze na la katikati."

"Mwairishi keshalewa asubuhi yote hii!" mtu alidakia. Wakacheka.

"Ningekuwa nimelewa nisingeogopa hivi. Nimekosea kuijenga. Mimi ndiye niliyekosea. Shukeni."

Kicheko kikakatika. Mjane mmoja wa benchi la katikati alimtazama usoni, akafunga kitabu chake cha nyimbo.

"Nipe mkono, baba. Magoti haya hayajui haraka."

Akamshika mkono. Wengine wakafuata wakinung'unika, na kila hatua yao ilimpiga Fintan kifuani. Mtu wa mwisho, Fintan nyuma yake, alikuwa amefika mlangoni boriti ilipokatika kwa mlio kama wa bunduki. Roshani ikainama, mabenchi yakaporomoka, vumbi la chokaa likajaa kanisa.

Hakuumia mtu. Pruitt alimpita bila kumtazama.

"Umekiri mwenyewe mbele ya watu," alisema. "Usidhani tutasahau."

Nje, kwenye nyasi, mtu alianzisha wimbo bila kinanda, sauti nyingine zikamfuata moja moja. Riedel, fundi seremala, aliingia na magogo mawili ya kuegemeza begani.

"Upande wa kushoto wa roshani bado unashuka," alisema. "Tuanzie wapi?"

Fintan akavua koti, akatafuta mahali pasipo na vumbi pa kulitundika. Hakupaona.